Nilipimwa kwa Jina la Kaka

Kwa miaka ishirini na mbili nililipwa mshahara ili nisimwamini mtu. Nilikuwa mlinzi wa kizuizi cha mazao ya misitu upande wa Kisarawe, na kazi yangu ilikuwa kusimamisha malori ya mkaa na kuchoma magunia kwa nondo iliyonolewa ncha. Nondo ikizama yote, ni mkaa. Ikigonga kitu katikati, chini yake kuna mbao za mninga zilizofichwa, na hapo dereva ataanza kunisimulia habari za mama yake mgonjwa. Madereva waliniita Mzee Nondo. Jina hilo lilinifuata mpaka nilipostaafu na kuhamia Mbwawa, Kibaha, ambako nilijenga nyumba na kuendelea kushuku watu bila mshahara.

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanamume anayeamka mara nne kwenda kukojoa na kujiambia ni chai. Mimi nilijiambia ni chai. Kisha nikasema ni baridi, kisha nikalishuku tikiti maji la jirani. Nilikuwa na miaka sitini na moja. Nasimama chooni nikingoja, mkojo unakuja kwa matone, unakatika, unaanza tena, na nikirudi ndani najihisi kama mtu ambaye hakwenda. Mke wangu, mama Zuhura, naye akaanza kunishuku, maana kila mara nilitoka na simu mkononi.

"Simu ya nini chooni?" aliniuliza.

"Natumia tochi."

"Na hiyo tochi inaitwa nani?"

Nilikasirika siku nzima. Ukweli ni kwamba ningekuwa mahali pake, simu hiyo ningeshaikagua zamani.

Kulikuwa na jambo nililolijua na sikumwambia. Baba yetu aliugua kijijini kwetu Msimbu, akafa kwa kufungika mkojo. Alivimba tumbo la chini, akalia kama mtoto, na wazee wakasema amefungwa na mtu. Ukoo mzima ukamgeukia jirani tuliyepakana naye shamba, mpaka yule maskini akahama. Hakuna aliyetamka tezi dume. Hata neno lenyewe hatukuwa nalo.

Masika moja likapita gari la matangazo Mbwawa: wanaume wa makamo waje viwanja vya shule wapimwe tezi dume, bure. Neno bure ndilo lililonitia wasiwasi. Pale kizuizini, dereva aliyetaka kukupa kitu bure ndiye uliyemshusha mzigo wote. Kijiweni wenzangu walikuwa wanacheka habari za kidole cha daktari, kila mmoja akijifanya hana shida, na kila mmoja akiinuka kwenda nyuma ya michongoma kila baada ya nusu saa.

"Baba Zuhura, unaogopa kidole?" mke wangu aliniuliza.

"Siogopi kitu. Nataka kujua wananufaika na nini."

"Basi twende ukawaulize."

Tukaenda. Yeye akaingia hema la akina mama kupima presha, mimi nikapanga foleni ya wanaume. Mezani alikaa muuguzi mnene, mcheshi, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Aliitwa Nyamizi. Aliponiuliza kwetu wapi nikasema Kisarawe, Msimbu, akapiga kofi la furaha.

"Ahaa, Mzaramo! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Mtani wangu, leo umeingia mwenyewe kwenye mtego. Ngoma mnacheza hadharani, kupimwa mnajificha!"

Foleni nzima ikacheka, mimi nikapoa. Asiyejua mambo yetu ataona ni mzaha tu. Mtani ana ruhusa ya kukusema popote, hata msibani kwako, tena mbele ya wakwe, na ukimkasirikia unaonekana wewe ndiye huna adabu. Nikamwona kabisa huyu mama akisimama kwenye msiba wowote wa Mbwawa na kutangaza: "Mzee Nondo, nondo yako imepata kutu!" Watu wangecheka mwaka mzima.

"Jina lako, mtani?"

"Shomari Pazi," nikasema.

Shomari Pazi ni kaka yangu mkubwa. Yeye hakuondoka Msimbu. Analima muhogo na kutunza mikorosho aliyoiacha baba. Mimi ni Kondo Pazi. Nyamizi akauliza namba ya simu, nikamtajia ya kaka. Akaibipu palepale kuhakikisha. Ikaita.

"Mbona siisikii?"

"Nimeiacha nyumbani."

Yangu ilikuwa mfukoni, nimeizima. Akanipa kikaratasi chenye namba ya usajili, akanitoa damu, akasema kama kuna la kuniambia watanipigia. Nilitoka pale nikijiona mjanja. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kaka hapokei namba asiyoijua, na hata akipokea atanipigia kuniuliza, nami nitakuwa nimepata majibu yangu bila mtu wa Mbwawa kujua. Nilisahau kwamba mimi na kaka tulikuwa hatupigiani simu. Hatukugombana. Tangu msiba wa baba tulikuwa tumepoa tu, kila mmoja akidhani mwenzake ana jambo moyoni.

Wiki zikapita. Mama Zuhura akawa anauliza.

"Hawajapiga tu?"

"Hawajapiga. Wangekuta kitu wangepiga."

"Uliwapa namba gani?"

"Unanihoji kama mwizi?"

Aliniangalia, akaendelea kuchambua mchele. Masika yakaisha, kipupwe kikaja, na kiuno upande wa kushoto kikaanza kuniuma. Nikaushuku mto, nikaushuku godoro, nikabadili kitanda. Mke wangu akanisihi niende hospitali, nikamjibu kwamba damu yangu walishaichukua na ni nzima. Nilikuwa nimejidanganya mpaka nikajiamini, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kubwa.

Halafu nikapata habari nyingine. Mtu wa Msimbu aliyeleta mihogo Kibaha aliniambia kwamba kaka anapima shamba. Amekata kamba kutoka barabarani mpaka bondeni na anapanda minyaa ya mpaka. Nikajua tayari. Anauza shamba la baba, na ameninyamazia ili nije kukuta mtu wa Dar amejenga ukuta. Kesho yake nikaenda Msimbu na maneno yangu yote nimeyapanga njiani.

Mabibo yalikuwa yameanza kuanguka, harufu yake imetanda shambani. Nikaiona minyaa kwa macho yangu, mistari miwili iliyonyooka. Kaka alikuwa amekaa mkekani kibarazani, na alikuwa amekonda. Mashavu yameingia ndani, kanzu inamning'inia. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wako mijini, kwa hiyo alikuwa peke yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja. Nilikuwa nakungoja."

"Nimeiona minyaa. Mnunuzi nani?"

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sikai. Nataka kumjua mnunuzi."

"Hakuna mnunuzi. Huku bondeni, kwenye mikorosho ya baba, ni kwako. Huku juu kwa wanangu. Nimegawa mapema msije mkagombana juu ya kaburi langu."

"Kaburi la nini?"

Akavuta kofia, akatazama chini.

"Nina ule wa baba," akasema.

Nikakaa. Kaka akanieleza, taratibu, kama mtu aliyekwishajisimulia mara nyingi. Alipigiwa simu kutoka Kibaha na mama mmoja. Akamuuliza, wewe ni Shomari Pazi wa Msimbu? Akasema ndiyo. Basi majibu yako ya damu hayakukaa vizuri, tezi dume, njoo haraka. Kaka naye, masika ileile, alikuwa ametolewa damu zahanati kwa ajili ya homa. Akajua damu hiyohiyo ndiyo iliyopelekwa mbele. Na kwa kuwa naye, kama wazee wote, alikuwa anaamkaamka kukojoa, hakuwa na shaka tena. Yule mama akapiga mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne kaka akazima simu.

"Kwa nini hukwenda?"

"Baba alikwenda hospitali. Alirudi?"

Baba alipelekwa siku tatu kabla ya kufa. Sikumkumbusha. Akaniambia sanda ameshanunua, imo kwenye sanduku. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma.

"Nimekaa hapa miezi hii yote nahesabu nani kanifanya hivi. Nikahesabu majirani, nikahesabu ndugu. Na wewe nilikuhesabu, Kondo. Unisamehe."

Alikuwa hajakosea. Ni mimi niliyemfanya.

"Kaka," nikasema, "ugonjwa huo si wako. Ni wangu."

Hakunielewa. Nikamweleza habari ya foleni, ya mtani, ya jina. Akatikisa kichwa. Alidhani nimetunga kumtuliza mtu anayekufa, na ningekuwa yeye nami nisingeamini. Nikatoa pochi, nikatoa kile kikaratasi cha usajili. Kaka akainuka, akaingia ndani, akaniita. Ukutani juu ya kitanda chake alikuwa ameandika kwa mkaa namba aliyosomewa kwenye simu. Tukasimama wazee wawili tunalinganisha tarakimu moja moja kwa kidole. Zilikuwa zilezile.

Alikaa kitandani, akalia. Nilingoja anitukane, hata anipige. Angekuwa na haki.

"Miezi mitano umeniacha nakufa," akasema.

"Ndiyo, kaka."

Akafuta uso kwa kofia. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

"Sasa na wewe miezi hiyo yote hujatibiwa?"

Akafungua sanduku akatafuta kanzu safi, na hakutaka hata kungoja chai.

Nyamizi alipotuona tumesimama mlangoni pa chumba chake hospitalini Kibaha, aliuliza Shomari ni yupi. Tukajieleza. Nilijiandaa kwa utani wa kunimaliza. Hakutania hata neno moja.

"Nilikupigia mpaka nikaona aibu," alisema. "Nilitaka kuja Msimbu, sikujua nyumba."

"Nilikuogopa wewe, mtani. Niliogopa utanitangaza msibani."

"Utani una mahali pake, mzee. Majibu ya mtu siyatanii. Unadhani mimi sina baba?"

Nilimshuku mtu wa pekee aliyekuwa ananitafuta.

Tulipimwa wote wawili upya. Kile kidole kilichochekwa kijiweni kilikwisha haraka kuliko kufungua kamba za viatu. Baadaye nikachukuliwa vinyama kwa sindano. Daktari alinieleza kwamba wanachoma sehemu kadhaa kujua kilichomo ndani, nami nikacheka peke yangu juu ya kitanda. Mzee Nondo ametobolewa. Inauma kidogo na nilikojoa damu siku mbili, lakini inavumilika. Nilidai kuona chupa zangu zikiandikwa jina, herufi kwa herufi, Kondo Pazi, na hawakuniona mkorofi. Kushuku nako kuna saa yake.

Siku ya majibu tulikaa benchi la mbao, kaka huku, mke wangu huku. Mbele yetu alikuwepo mzee mwenye mpira wa mkojo, mfuko ameuficha ndani ya kapu la ukindu na kuufunika kwa kanga. Kila mlango ulipofunguka sote tulinyoosha shingo.

Ya kaka: tezi imetanuka kwa umri, hakuna saratani, vidonge, na apimwe kila mwaka. Yangu: saratani, na imeshatoka nje ya tezi, imegusa nyonga. Kile kiuno hakikuwa kinauma bure, nililionea godoro.

"Ningekuja masika ile," nikamuuliza daktari, "ingekuwaje?"

"Siwezi kukuapia. Ila ingekuwa bado ndogo, tungekuwa na njia nyingi zaidi." Hakuna aliyeniambia miezi mitano ile ilichukua nini hasa, na sitakaa nijue. Naumia nikiiwaza.

Nikaanzishiwa sindano za homoni, moja kila baada ya miezi mitatu, na vuli ilipoanza nikapelekwa Dar kwa mionzi, wiki baada ya wiki. Kaka aliacha korosho zake kwa watu akaja kukaa kwetu ili asikose kunisindikiza hata siku moja. Kabla ya mionzi unaambiwa unywe maji mengi na uyabane. Fikiria mtu aliyeshindwa kubana kwa miaka miwili anaambiwa abane, halafu mtu wa mbele anachelewa kutoka! Kaka alikuwa ananishika mkono na kunisimulia habari za utotoni ili nisahau. Siku mashine ilipoharibika, tulikaa mpaka adhuhuri tukarudi bila kitu, na njiani akaninunulia machungwa akanimenyea kama mtoto. Tulizungumza siku zile kuliko miaka yote tangu baba afe.

Homoni zilinibadilisha. Nilinenepa kiuno, matiti yakawa yanauma, mapaja yakapungua. Jasho likawa linanitoka ghafla nikiwa nimekaa kivulini, naloa shati zima. Mama Zuhura alinitazama siku moja nikijipepea kwa mfuniko wa ndoo.

"Karibu chamani," akasema. "Ndiyo haya majasho ya kukoma hedhi niliyokuwa nakwambia, ukasema nazidisha."

Tulicheka mpaka tukashikana. Lakini hatukucheka kila siku. Uanaume wangu ulilala, na sitaki kulificha hilo kwa sababu ndilo wanaume wanaloliogopa wasiende kupimwa. Nilianza kulala nimempa mgongo. Nilimshuku. Aliposogea uani na simu, nilitega sikio. Siku moja nikamkabili: anaongea na nani? Akaniwekea simu kwa sauti kubwa. Alikuwa Nyamizi, anamweleza kwamba hali yangu ni ya dawa na si kukosa mapenzi, asikate tamaa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mke wangu akasema, "Nimekaa na wewe miaka thelathini ukininusa kama gunia la mkaa. Kama ningekuwa na mninga chini ungeshauona." Tangu hapo nageukia upande wake, tunaongea mpaka mmoja apitiwe na usingizi.

Sasa masika ya pili yamepita. Maumivu ya nyonga yametulia, kipimo cha damu kimeshuka na kinakaa chini. Daktari hasemi nimepona. Anasema tunauchunga, nami nauchunga, kazi ya kuchunga naijua. Nakwenda kila miezi mitatu, na nikiulizwa jina nalitaja kwa sauti, na la baba, na la kata. Wanangu wa kiume nimewaambia wasingoje mkojo usumbue. Aliyekuwa na baba au kaka mwenye ugonjwa huu aanze kupima mapema kuliko wengine, na asisikilize mwili pekee, maana mwili nao unaficha.

Mwezi uliopita watu wa hospitali walikwenda kupima wanaume Msimbu. Kaka ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita, na Nyamizi akaniomba nikae naye mezani niandikishe. Walikuja wengi, wengine niliocheza nao utotoni. Akaja mmoja wa rika langu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, anaangalia pembeni.

"Jina?"

Alinyamaza kidogo kabla ya kulitaja. Kidogo tu, lakini madereva wangu wote walinyamaza vilevile kabla ya kusema ni mkaa mtupu. Nikaandika. Nikaomba namba ya simu, akanitajia harakaharaka. Nikachukua simu yangu nikaipiga mbele yake, nikaiweka mezani.

Ikaita. Tukaisikiliza wote wawili inaita, na mfuko wake ukabaki kimya.

Nilikata simu, nikafuta nilichoandika, nikamvutia kiti karibu na changu.

"Kaa, ndugu yangu," nikamwambia. "Mimi naitwa Kondo. Sasa na wewe niambie lako."